CBD ruksa, nduguze je?

Januari 2018, Shirika la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Duniani (WADA) liliiondoa CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, kwenye orodha ya marufuku. Wauza virutubisho wakaona mlango umefunguka. Sasa wananadi na ndugu zake, CBG na CBN, eti zinatuliza maumivu na kuleta usingizi mnono.

Hapo ndipo mchezaji anapoingizwa mkenge. Ruksa ni ya CBD peke yake. Hizo nyingine, kama THC inayolevya, ni marufuku wakati wa mashindano, na saa inaanza kuhesabiwa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mchezo. Tena ushahidi wa faida zake kwa binadamu ni kiduchu. Mwingi umetoka maabara na kwa wanyama.

Sha'Carri Richardson, aliyeshinda mita 100 kwenye mchujo wa Marekani 2021, alivuta bangi, akakutwa na THC. Adhabu ilikuwa mwezi mmoja tu, lakini Olimpiki ya Tokyo ikampita. Anayemeza kidonge cha dukani naye ajue: kikionekana kwenye mkojo wake ni mzigo wake, lebo iseme isiseme.