Je, Muziki wa Siku Hizi Umeporomoka?

Yapo madai yanayozidi kuenea miongoni mwa walimu wenzetu hapa Bujumbura, kwamba muziki wa siku hizi umeporomoka, kwamba vijana wameua utungaji, na kwamba nyimbo zao zinaharibu Kiswahili cha wanafunzi. Wenye madai hayo hawaishii katika kulalamika; wapo wanaotaka nyimbo hizo zisitajwe kabisa darasani. Jambo hili si la burudani tu. Linahusu kazi yetu, na kwa hiyo hatuna budi kulijibu.

Tuanze na mahali petu. Nchini Burundi lugha ya nyumbani kwa walio wengi ni Kirundi. Mtoto wa Buyenzi hukutana na Kiswahili mlangoni kwao, lakini wenzake wengi hukutana nacho sokoni, redioni na katika nyimbo kabla hawajakutana nacho kitabuni. Baada ya nchi yetu kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kiliingizwa katika shule za msingi. Hata hivyo, vipindi vya darasani ni vichache, na nyimbo husikika kutwa kucha. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba Kiswahili alichojifunza kwa nyimbo ni takataka, anamvunja moyo kabla hajaanza kumfundisha.

Nyimbo za Kiswahili zinazosikika mjini kwetu hutoka zaidi katika nchi jirani, na hasa Tanzania. Kwa hiyo hukumu ya haki haina budi kutazama historia ya muziki wa huko pia.

Kwanza, wenzetu hulinganisha mchele uliopepetwa na mpunga ulio bado shambani. Hebu tulitazame neno lenyewe wanalolitumia: zilipendwa. Je, zile ambazo hazikupendwa ziko wapi? Zimesahauliwa, wala hakuna redio inayozirudia. Zaidi ya hayo, Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na utaratibu wa kuyachuja maneno ya nyimbo kabla ya kuzirekodi na kuzitangaza. Uchujaji huo ulizuia hata nyimbo za maana: wimbo wa Remmy Ongala, “Mambo kwa Soksi”, uliowahimiza watu kujikinga na UKIMWI kwa kutumia kondomu, ulinyimwa nafasi redioni. Basi tunachokiita muziki wa zamani ni sehemu tu ya muziki wa zamani, na tunaipambanisha na nyimbo zote za leo, nzuri na mbaya. Mashindano ya namna hiyo mshindi wake anajulikana mapema.

Pili, husemwa kwamba vijana wanaiga ugeni. La hasha, uigaji haukuanzia kwao! Bendi mashuhuri ya Salum Abdallah huko Morogoro iliitwa Cuban Marimba, na jina hilo latosha kuonyesha masikio ya watunzi wa wakati ule yalielekea wapi. Mwananchi mwenzetu Khadja Nin, katika albamu yake “Sambolera” ya mwaka 1996, aliuchukua wimbo “Free” wa Stevie Wonder wa Marekani akauvika maneno ya Kiswahili, ukawa “Sina Mali, Sina Deni”. Hatujamsikia mwalimu yeyote akimlaumu kwa hilo. Kama kuazima kulikuwa halali kwa wakubwa, kwa nini kuwe kosa kwa wadogo?

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, husemwa kwamba maneno yamekuwa mepesi. Hatukatai kwamba nyimbo nyingi zinazovuma leo hurudia maneno machache tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini jambo hilo lina sababu. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, nayo ililelewa na mashirika. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mtunzi chipukizi alikaa miaka mingi pamoja na wakongwe kama Muhiddin Maalim Gurumo, akasahihishwa mazoezini, akapewa dakika nyingi za kusimulia kisa kizima cha ndoa, deni au safari. Kijana wa leo hutunga akiwa na kompyuta na msaidizi mmoja, hana mshahara wala mkongwe wa kumsahihisha, na wimbo wake haupewi muda mrefu. Kilichodhoofika ni chuo alichokuwa akisomea mtunzi. Akili ya kijana ni ileile.

Na pale kijana alipopata la kusema, alilisema kwa ufundi. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa “Ndiyo Mzee”, wimbo wa kufokafoka unaomkejeli mwanasiasa anayeahidi kila kitu kwa kila mtu. Ni mwalimu gani wa fasihi anayetafuta mfano wa kejeli atakayeupuuza? Naye Kidum, mzaliwa wa Burundi aliyeishi Nairobi miaka mingi, ameimba mapenzi kwa Kiswahili kilichopokelewa vyema Kenya na Uganda. Hao ni watoto wa nyakati hizi tunazoambiwa kwamba hazina watunzi.

Ama kuhusu sarufi, twaomba nyimbo zisibebeshwe mzigo usio wao. Mwanafunzi asemaye “kitabu yangu” badala ya “kitabu changu” hakufundishwa na mwimbaji. Hivyo ndivyo anavyosikia mitaani. Kumnyang’anya nyimbo hakutamfundisha upatanisho wa ngeli. Akiletewa wimbo anaoujua kwa moyo, akaambiwa autafute mahali ulipokiuka upatanisho na aurekebishe, hatasahau.

Ndugu walimu, hatusemi kwamba kila wimbo mpya ni mzuri. Twasema kila wimbo, uwe wa mwaka 1975 au wa mwaka huu, upimwe kwa mizani moja. Je, una jambo la kusema? Je, beti zake zinaendelea mbele, au zinazunguka palepale? Je, maneno yake yamechaguliwa, au yamejazwa ili kutimiza mapigo? Tuwape wanafunzi maswali hayo, tuwasikilizishe wimbo mmoja wa Marijani Rajabu na mmoja wa msanii wanayempenda wao, kisha waamue na watoe sababu. Huenda mara nyingi watampa ushindi mzee Marijani. Lakini watakuwa wamempa wao wenyewe, kwa hoja na kwa Kiswahili, na hiyo ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya.