Rubani wa burudani na mchuuzi wa Sirari wana mpaka mmoja

Katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, pembeni mwa ndege za watalii, za mafunzo na za madaktari, zimeegeshwa ndege ndogo za watu binafsi. Wenyewe huzirusha mwishoni mwa wiki kama wengine wanavyokwenda kuvua samaki au kucheza gofu. Jambo hilo si geni. Klabu ya warushaji, Aero Club of East Africa, ilianzishwa mwaka 1927, na uwanja wenyewe una jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege mjini humo mwaka 1929.

Mama anayevusha nyanya Namanga ana haki ya kuuliza habari hizi zinamhusu nini. Zinamhusu, kwa sababu kwenye forodha watu hawa wawili wana matatizo yanayofanana kuliko wanavyodhani.

Kwanza, ndege ndogo si gari lenye mabawa. Cessna 172, inayopatikana karibu kila kona ya dunia, ina viti 4 na injini moja, na hutumia takriban lita 30 hadi 35 kwa saa. Inataka petroli maalumu ya ndege, si mafuta ya jeti, na petroli hiyo haiuzwi kila uwanja, hivyo safari hupangwa kwa kufuata pampu ilipo. Mizigo hupimwa kwa kilo, kama magunia kwenye mizani. Wilson iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini hupungua nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili kupaa. Ukijaza matangi, huenda mtu wa nne akabaki chini. Tena leseni ya rubani binafsi haimruhusu kulipwa kwa kubeba abiria wala mzigo. Anayefikiri ni njia ya mkato ya kusafirisha samaki wabichi kwa malipo aache.

Kuhusu mpaka, Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 umeeleza mambo waziwazi. Rubani abebe hati ya usajili wa ndege, cheti cha ubora wake, leseni, daftari la safari na orodha ya abiria. Atue kwenye uwanja wenye forodha. Naye akishatimiza hayo, kifungu cha 24 kinaitaka nchi mwenyeji iipokee ndege kwa muda bila kuitoza ushuru, pamoja na mafuta yaliyomo kwenye matangi. Chombo cha safari kinahesabiwa kuwa chombo cha safari, hakihesabiwi kuwa bidhaa. Mwenye pikapu aliyewahi kushikiliwa getini kwa ajili ya kibali cha muda cha gari ataona tofauti hiyo mara moja.

Kinachomkwama rubani ni dirisha. Kutoka Nairobi kwenda Serengeti, hawezi kushuka tu kwenye kiwanja cha hifadhini. Lazima apitie uwanja wenye forodha, kama Kilimanjaro, kisha ageuke tena. Hata watalii wa kulipia hupelekwa kwa ndege kutoka Maasai Mara hadi Migori, hushushwa, huvuka Isebania na Sirari kwa gari, kisha hupanda ndege nyingine Tarime. Ndege mbili na gari moja, kwa mbuga mbili zinazogusana! Nyumbu hawaombwi chochote.

Kwa hiyo kila mmoja ana nusu. Mwenye ndege ana kanuni iliyoandikwa ila hana dirisha karibu. Mchuuzi ana dirisha, kwa kuwa vituo vya pamoja vya mpakani vimejengwa, na ana utaratibu rahisi wa cheti cha uasilia kwa bidhaa za Jumuiya zisizozidi dola 2,000. Hata hivyo, utekelezaji wake mara nyingi hutegemea ofisa aliyekaa zamu siku hiyo.

Serikali za Kenya na Tanzania zinaweza kuijaribu nusu ya kwanza bila kujenga kitu kipya: rubani atoe taarifa mapema, maofisa wa kituo cha pamoja waende uwanja wa Migori au wa Tarime, na gharama zao alipe yeye. Hofu ya magendo ni ya haki. Dhahabu ni nzito kwa thamani, si kwa kilo, na kiwanja cha vumbi kisicho na mlinzi ni kishawishi. Ndiyo maana mfuko wa rubani ufunguliwe kama kikapu cha mchuuzi kinavyofunguliwa, bila kupishwa kwa sababu mwenyewe amefika kwa mabawa.

Sharti ni moja: maofisa hao wasiondolewe dirishani foleni ikiwa imejaa. Pasipo ofisa wa ziada, ndege isubiri. Na siku mawaziri watakapokaa kuzungumzia vibali vya ndege binafsi, ajenda ya pili kwenye karatasi hiyohiyo iwe kibali cha muda cha pikapu na bodaboda za wafanyabiashara, kiwe kimoja kwa nchi zote wanachama, na masharti yake yabandikwe ukutani kwa Kiswahili.