Tumefuta Kiswahili Chetu Wenyewe

Mwezi uliopita darasa letu la Kiswahili lilitengeneza filamu fupi kuhusu ziwa Mweru. Tulipiga picha Kashikishi alfajiri, mitumbwi ikirudi. Mwenzetu aliyepewa kazi ya kuihariri akafuta sauti yote, akaweka muziki wa Kikelti: kinubi, filimbi na mvumo mrefu wa kompyuta, uliotungwa, eti, kutokana na roho ya mawe ya kale yaliyosimamishwa Uskoti. Darasa likapiga makofi. Mimi sikupiga.

Muziki wenyewe si mbaya. Nimeusikiliza usiku nikalala vizuri. Ugomvi wangu ni ukale unaobandikwa juu yake. Mawe ya Callanish, katika kisiwa cha Lewis, yalisimamishwa yapata miaka 5,000 iliyopita, na walioyasimamisha hawakutuachia hata wimbo mmoja. Wataalamu wengi huona kwamba lugha za Kikelti zilifika huko baadaye sana. Basi huyo mtunzi amesikia nini kutoka kwa mawe? Amejisikia mwenyewe.

Na si kwamba mawe ya huko ni mabubu. Kwenye milima ya Preseli, Wales, yalikotoka mawe ya bluu ya Stonehenge, ipo miamba inayolia kama kengele ikigongwa. Kwetu Afrika pia ipo. Moru, ndani ya hifadhi ya Serengeti, kuna jabali lenye vishimo vingi vilivyochimbwa na mikono ya wagongaji. Ukiligonga kwa jiwe dogo linatoa mlio wa chuma. Kisiwa cha Lolui, upande wa Uganda wa ziwa Viktoria, kina miamba ya namna hiyo. Huo ndio ninaouita muziki wa mawe. Una jiwe ndani yake.

Mtaniambia Moru nako si Nchelenge. Kweli, na wala siombi tuweke mlio wa Moru. Kuazima ni kuazima, hata kwa jirani.

Nilikuwepo siku ya kurekodi, najua kilichofutwa. Mota ya boti ilikohoa mara tatu ndipo ikawaka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza gunia la chisense, hao dagaa wetu, alitaja bei kwa Kibemba. Mnunuzi kutoka ng'ambo, Kongo, akamjibu kwa Kiswahili, naye mama akageuza ulimi papo hapo, wakacheka, wakapatana. Hicho ndicho Kiswahili cha ufuko huu, nami ndicho kilichonifanya nijiunge na darasa. Katika filamu nzima hapakuwa na Kiswahili kingine. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tukakifuta, tukaweka kinubi!

Mhariri wetu asema sauti ya kwanza imeshapotea kwenye simu yake. Basi turudi. Tarehe 1 Desemba uvuvi unafungwa mpaka mwisho wa Februari, kwa hiyo nashauri twende Jumamosi hii, saa kumi na moja alfajiri. Simu nitabeba mimi.