Tuache Kuzuga na Ubao wa Kazi

Mwaka jana, siku ya kuwasilisha mradi wetu wa mwaka wa mwisho, mhadhiri mmoja kwenye jopo aliomba kompyuta yetu, akasogeza kiti, akasema anataka kurejesha mkopo. Mfumo wetu ulikuwa wa vikundi vya VICOBA: hisa, mikopo, faini, marejesho. Akaandika kiasi kama anavyoandika Mtanzania yeyote, 50,000, akabonyeza. Mfumo ukamshukuru kwa kurejesha shilingi 50.

Ukumbi ukacheka. Sisi wanne hatukucheka. Hitilafu yenyewe ni ya kawaida: parseFloat ya JavaScript husoma tarakimu mpaka ikutane na kitu isichokielewa, na ikifika kwenye mkato inakomea hapo. Kilichotuuma ni kwamba dada mmoja wa kundi letu alikuwa ameshaiona wiki tatu kabla. Aliandika kwenye grupu letu la WhatsApp: "Oyaa, ukiweka mkato hela inapotea." Chini yake zikafuata stika, mjadala wa Simba na Yanga, mtu anauliza kama bumu limeingia, na basi. Ujumbe ukazikwa hapo.

Na ubao wa kazi tulikuwa nao! Trello, safu tatu safi, kadi zaidi ya 30, na rangi zake. Shida ni kwamba tulikuwa tunaujaza usiku wa kuamkia siku ya kuonana na msimamizi. Siku moja msimamizi wetu, mtu mpole kabisa, alifungua kadi moja akashuka hadi chini, pale Trello inapoandika nani kafanya nini na saa ngapi. Akafungua ya pili. Akafungua ya tatu. Zote zilihamishiwa "Imekamilika" usiku mmoja, ndani ya dakika chache, na mtu mmoja. Akatuangalia tu, hakusema kitu. Bora angetugombeza.

Hoja yangu ni hii: zana za kufuatilia kazi na za kujaribu programu tunazitumia kama maonyesho ya msimamizi, wakati zilitengenezwa zitusaidie sisi wenyewe kukumbuka na kuaminiana. Ukizitumia kwa kuzuga, zinakuwa kazi ya pili juu ya kazi. Hapo anayelalamika kwamba zinampotezea muda anasema kweli tupu.

Tuanze na kuripoti hitilafu, maana ndiko tulikofia. "Haifanyi kazi" si ripoti, ni malalamiko. Ripoti ina mambo manne: nilifanya nini hatua kwa hatua, nilitegemea kuona nini, nimeona nini, na nilikuwa natumia simu au kivinjari gani. Yule dada angeandika hivi: fungua ukurasa wa marejesho, andika 50,000, bonyeza hifadhi, nilitegemea 50,000, imehifadhi 50, Chrome kwenye Android. Dakika mbili tu. Na aiandike mahali ambapo haiwezi kusukumwa chini na stika. Kama msimbo wenu uko GitHub, tumieni sehemu yake ya Issues, kila ripoti inapata namba. Ukirekebisha, andika kwenye ujumbe wa badiliko lako "Fixes #14". Badiliko likiingia kwenye tawi kuu, ripoti namba 14 inajifunga yenyewe. Huhitaji kuhamisha kadi usiku wa manane.

Kwenye kadi, sisi tulikuwa na moja imeandikwa "Mfumo wa mikopo", na chini yake majina ya watu watatu. Kadi ya watu watatu haina mwenyewe, kila mtu anadhani mwenzake anaishughulikia. Weka jina moja. Na iwe kazi inayoweza kuisha kwa siku mbili, ikizidi, ikate. Halafu kila mtu asiwe na zaidi ya kadi moja kwenye safu ya "Inafanyika". Wazo hili la kadi limetoka mbali, kwenye viwanda vya Toyota huko Japani, ambako Taiichi Ohno na wenzake walitumia kadi za kanban ili kazi isirundikane kati ya hatua moja na nyingine. Sisi tumechukua kadi, kikomo tukakiacha.

Na kubalianeni "Imekamilika" maana yake nini. Kwetu ilimaanisha "kwangu inafanya kazi". Siku hizi nasema haijakamilika mpaka mwenzako aichukue, aiendeshe kwenye kompyuta yake, akubali. Hiyo peke yake ingetuokoa.

Kuhusu zana ipi, msipoteze wiki nzima mkibishana. Kuna kundi nalijua lilianza na Jira kwa sababu "ndiyo inatumika kazini", likatumia siku nne kuipanga kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo. Ni zana nzuri, ila kwa watu wanne safu tatu zinatosha. Hata karatasi ukutani hosteli inatosha, kama mnaiangalia kila siku.

Sasa majaribio. Wengi wetu tunajaribu programu kwa kubofyabofya usiku wa mwisho, kisha tunaandika kwenye ripoti sura nzima yenye jedwali ambalo kila mstari unasema "Imefaulu". Jamani, jedwali lisilo na hata mstari mmoja ulioshindwa ni la kutunga, na wahadhiri wanajua.

Jaribio la kiotomatiki si jambo kubwa kama linavyotajwa darasani. Kwa JavaScript kuna Jest, Python ina pytest, Java ina JUnit. Ule mkasa wetu ulihitaji mstari mmoja tu wa Jest:

expect(somaKiasi("50,000")).toBe(50000)

Utaratibu ninaoutetea ni huu: ukiletewa ripoti ya hitilafu, usikimbilie kurekebisha. Kwanza andika jaribio linaloshindwa kwa sababu ya hitilafu hiyo. Lione likishindwa kwa macho yako. Kisha rekebisha mpaka lifaulu, na uliache palepale. Wiki ijayo mwenzako akigusa sehemu hiyo akaiharibu tena, litapiga kelele. Halafu ongeza namna nyingine watu wanavyoandika hela: "50000/=", "50 000", sehemu iliyoachwa tupu, na -500, maana yupo atakayejaribu.

Anzeni na mahesabu: riba, faini, mgao wa hisa. Msianze na majaribio ya kubofya vitufe kwa Selenium, kwa sababu mwonekano wenu utabadilika kila wiki na majaribio yatavunjika kila wiki. Wala msikimbizane na kufunika asilimia 100 ya msimbo. Majaribio 20 yanayolinda hela ya wanakikundi yana maana kuliko 200 yanayohakikisha kichwa cha ukurasa ni cha bluu.

Najua swali la bando linakuja. Majaribio haya yanaendeshwa kwenye kompyuta yako bila intaneti, na Git inahifadhi mabadiliko bila intaneti vilevile. Unayasukuma ukipata mtandao. Mkitumia GitHub Actions, majaribio yanaendeshwa kwenye mashine zao kila msimbo unaposukumwa, na maktaba zote zinapakuliwa kwa intaneti yao, si kwa bando lako la usiku. Kama hifadhi yenu ni ya wazi, mashine zao za kawaida ni bure.

Linabaki suala la haki, na hili nalielekeza kwa idara zetu. Kwenye kundi la watu wanne tunapewa alama moja. Yule dada, aliyekuwa akijaribu mfumo kila jioni, alipata sawasawa na jamaa aliyeonekana siku ya kupiga picha. Kazi yake haikuwa na alama yoyote mahali popote, ilikuwa imezikwa chini ya stika. Wasimamizi wakiomba kuona historia ya ripoti na mabadiliko ya kila wiki, badala ya kitabu kilichojalidiwa mwishoni tu, ingejulikana nani alibeba nini. Najua historia nayo inaweza kuchezewa. Mtu anaweza kusukuma mabadiliko 50 ya nafasi tupu. Lakini kuzuga kila wiki kwa miezi sita ni kazi ngumu kuliko kufanya kazi yenyewe.

Jopo lilitupa wiki mbili za kurekebisha. Tulifuta ubao wote tukaanza upya, na kadi namba 1 aliiandika yeye.