Pwani ya Mdomo wa Upepo

Katika kisiwa cha Malta, upande wa magharibi, kipo kighuba kidogo kiitwacho Fomm ir-Riħ, maana yake Mdomo wa Upepo. Ajuaye Kiarabu hahitaji mkalimani kulifahamu jina hili. Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini walikiteka kisiwa hicho mwaka 870, na ingawa Wanormani walikuja juu yao mwaka 1091, lugha haikuondoka. Hata leo Mmalta huiita bahari baħar, na chemchemi għajn, illa huandika kwa herufi za Kilatini.

Mwenye kwenda huko huacha gari juu, upande wa kijiji cha Baħrija, akashuka kwa miguu katika njia nyembamba ipitayo ubavuni mwa jabali. Kwa sababu hiyo wageni ni wachache. Chini hakuna mchanga mweupe kama wa kwetu, bali mbwe na kokoto zilizosuguliwa na mawimbi. Wala maji hayajai na kupwa kama tulivyozoea. Mombasa, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Malta hata nusu mita hayafiki. Kitawalacho pale ni upepo. Pepo za kaskazini-magharibi ndizo zivumazo mara nyingi, na aliyelitoa jina hilo alijua alisemalo.

Sasa na tuyatazame majabali yenyewe. Juu kabisa ni mawe ya matumbawe, ndugu ya yale yaliyojengewa nyumba za miji yetu ya pwani. Chini yake umelala udongo wa mfinyanzi, rangi yake kijivu cha kuelekea buluu. Maji ya mvua hupenya katika mawe, yakifika kwenye udongo huzuiwa, yakatokea kando kuwa chemchemi. Katika kisiwa kisicho na mto wa kudumu, wakulima wameipata riziki yao kwa neema hiyo. Lakini udongo huo huo ukilowa huteleza. Mawe yaliyo juu yakakosa pa kuegemea, yakapasuka na kuporomoka. Yale majiwe makubwa yaliyolala chini ya majabali ya namna hii yalikuwa juu zamani.

Hapa ndipo penye neno letu kwa wazazi. Jua la kiangazi katika visiwa vile ni kali, na kivuli kilicho karibu ni cha jabali. Mama mwenye watoto ataona ni vema kutandika mkeka hapo. Mwezi wa Septemba 2018, katika pwani ya Navagio kisiwani Zakynthos, nchi ya Ugiriki, sehemu ya jabali iliwaporomokea watu waliokuja kustarehe, wengine wakajeruhiwa.

Basi atakayejaaliwa kusafiri na jamaa zake pande hizo, achukue mwavuli wake na maji ya kunywa, akae mbali na ukuta wa jabali, wala asishuke mara baada ya mvua kubwa. Aulize wenyeji habari za upepo kabla ya kuondoka, na ukianza kuvuma kutoka baharini awatoe watoto majini. Tena aanze kupanda jua lingali juu, kwani njia ile si ya kupitwa gizani na mtoto mgongoni.