Lenzi Ndefu na Uzio wa Jirani



Ndugu Waislamu, hivi karibuni nilipata lenzi ya milimita 300, nikaijaribu uani kwangu. Hapa Juba kupiga picha hadharani kunataka kibali, na kuelekeza kamera kwa askari au kwenye daraja la Nile ni kujitafutia matatizo. Kwa hiyo anayejifunza huanzia nyumbani.

Subhanallah! Mwewe aliyezunguka juu ya mwembe nilimwona akipinda mkia huku na huku kama usukani. Nikakumbuka Suratul Mulk, aya ya 19, inayotutaka tuwatazame ndege wakikunjua na kukunja mbawa. Kwera, wale ndege wa manjano wanaosuka viota, waliendelea na kazi yao bila hofu kwa kuwa nilikuwa mbali. Hilo ndilo jema la lenzi hii. Abu Daud amepokea kwamba Masahaba walichukua makinda mawili, mama yao akaja akipapatika, na Mtume (s.a.w.) akaamuru arudishiwe.

Lakini kwera mmoja aliruka akatua juu ya uzio wa jirani. Nikamfuata kwa lenzi, nikabonyeza. Kutazama picha, nyuma ya ndege kuna kamba ya nguo na mama mwenye nyumba akiosha vyombo, hana mtandio.

Niliifuta. Jioni nikamwendea mumewe, nikamweleza na kumwomba radhi. Alinisamehe. Ila kesho yake nikaona ameongeza mikeka juu ya uzio.

Mikeka ile imenifundisha. Allah (s.w.) ametukataza kupelelezana (Al-Hujurat, 12). Na katika hadithi ya Bukhari na Muslim, mtu alichungulia nyumbani kwa Mtume (s.a.w.) kupitia tundu, naye akafundisha kuwa kuomba idhini kumewekwa kwa sababu ya macho. Tundu na lenzi vina tofauti gani? Lenzi ile ile iliyomwondolea ndege hofu ndiyo iliyomtia hofu jirani.

Wazazi wenzangu, siku hizi hata simu za watoto wetu zinavuta mbali. Kabla ya kumfundisha mtoto kutuliza mkono, tumfundishe pa kuelekeza. Mimi nimegeuza kiti: mgongo kwa jirani, uso kwenye mwembe.

Wabillahi tawfiq.