Mama akipiga simu, nauli inalipwa na nani?

Nachingwea na Ruangwa, fedha huingia kijijini kwa msimu. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba. Ikifika Machi, mvua zimeharibu barabara na akiba ya kaya nyingi imekwisha. Mjamzito anayevuja damu mwezi huo anaweza kuwa na simu mkononi, lakini hana nauli ya kufika hospitali.

Kwa hiyo huduma yoyote ya afya kwa simu tuipime kwa swali moja: nani analipa?

Jirani zetu wa Lindi Vijijini, pamoja na Kigoma Vijijini na Ulanga, walijaribu mpango wa SMS for Life mwaka 2009. Kila wiki wahudumu wa vituo waliulizwa kwa ujumbe mfupi akiba ya dawa za malaria. Kujibu kulikuwa bure, na aliyejibu kwa wakati alizawadiwa muda wa maongezi. Katika wiki 21, vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilipungua kutoka asilimia 78 hadi 26.

Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, nayo iliona kwamba wanawake wenye fistula walishindwa kufika ingawa matibabu yalikuwa bure. Kikwazo kilikuwa nauli. Ikaanza kuituma kwa M-Pesa kupitia mabalozi wake wa mikoani, nao wakawasafirisha wagonjwa.

Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unafuata njia hiyo. Namba 115 hupigwa bila malipo. Gari la wagonjwa lisipopatikana, hutumwa dereva wa jamii, naye hulipwa kwa simu.

Uhai wa mpango huu uko kwenye malipo hayo. Dereva aliyejaza mafuta kwa fedha yake kisha akazungushwa, usiku mwingine hatapokea simu. Halmashauri zetu hukusanya ushuru wa korosho na ufuta. Zitenge sehemu yake mapema kwa ajili ya safari za miezi ya mvua, na dereva alipwe siku hiyo hiyo.

Nanyi wasomaji, mjamzito au mzazi akivuja damu, akipata degedege, homa kali au maumivu makali ya kichwa, msianze kuchangishana nauli. Pigeni 115 kwanza.